Barua ya wazi kwa Meya Zohran Mamdani: usimwache nyuma yule mbunge wa Astoria

Mheshimiwa Meya,

Kwa desturi ya kwetu Tanga, wewe ndiye ungetangulia na shikamoo, mimi nikaitikia marahaba, kisha ndiyo tukazungumza. Ulizaliwa Kampala Oktoba 1991, na wakati huo mimi nilikuwa mtu mzima nahangaikia maisha. Lakini cheo ni cheo, kwa hiyo natangulia mimi: salaam aleikum, na pole na kazi. Shikamoo yangu utanilipa siku tukikutana.

Mimi ni dereva, naishi Queens, moja ya wilaya tano za jiji lako la New York. Siendeshi teksi ya njano, naendesha gari la wale abiria wanaoita usafiri kwa simu. Tangu ushinde Novemba 2025, jina lako halitoki ndani ya gari langu. Abiria wanabishana juu yako siti ya nyuma. Ndugu zangu wananipigia kutoka Tanga kuuliza kama nakufahamu, kana kwamba New York ni mtaa wa Ngamiani, kila mtu anajua nyumba ya mwenzake. Na wote wanaanzia palepale: kura zaidi ya milioni moja, meya wa kwanza Mwislamu, wa kwanza mzaliwa wa Afrika, kaapishwa usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2026 kwenye stesheni ya zamani ya treni chini ya ardhi. Hayo yameshasemwa na wengi. Mimi nakuandikia kuhusu kazi uliyokuwa nayo kabla ya hapo, ambayo kule nyumbani Afrika Mashariki karibu hakuna anayeiulizia: ubunge wa jimbo. Meya bado nampima. Mbunge nilishamwamini, na ndiye nina neno naye.

Niwaeleze kidogo wanaotusoma wakiwa Mwanza au Mombasa. Huku Marekani jimbo si eneo la mbunge mmoja, ni sehemu kubwa ya nchi, na kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. La New York linakaa Albany, mji ulioko mbali kaskazini, mwendo wa saa mbili na nusu kwa treni. Baraza la chini lina viti 150, na uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo mbunge hajakaa vizuri anarudi tena kuomba kura. Vikao vinaanza Januari na kwisha Juni. Magazeti hayawaandiki sana watu hawa, lakini wao ndio wanaoamua sheria za kodi za nyumba, fedha za shule, na mambo ya mabasi na treni za jiji. Wewe ulikuwa mmoja wao kuanzia Januari 2021, ukiwakilisha eneo la 36: Astoria, penye Wagiriki wa zamani, Wamisri wa mtaa wa Steinway wenye maduka ya shisha na kahawa, na Wabangladeshi waliojaa kwenye kazi yetu hii ya udereva.

Kinachonipendeza katika safari yako ya kufika huko ni kwamba ulianza kwa kushindwa, tena si kura zako. Mwaka 2017 ulimpigia kampeni Khader El-Yateem, mchungaji Mpalestina wa Brooklyn aliyegombea udiwani, akashindwa. Mwaka 2018 ukaongoza kampeni ya mwandishi wa habari Ross Barkan aliyetaka useneta wa jimbo, naye akashindwa. Mwaka 2019 ukamhangaikia Tiffany Cabán aliyegombea uendesha mashtaka wa Queens. Yeye usiku wa matokeo alikuwa anaongoza, watu wakashangilia, zikaja kuhesabiwa upya akakosa kwa kura zisizofika mia. Mtu mwingine angesema siasa basi. Tena wewe ulikuwa na pa kukimbilia: mama yako Mira Nair ni mtengeneza filamu anayejulikana dunia nzima, baba yako Mahmood Mamdani ni profesa, na mwenyewe ulishaanza kurap Kampala, ukaimba hadi habari za chapati. Badala yake ukaajiriwa kama mshauri wa nyumba hapa Queens, kazi ya kukaa na watu ambao benki inataka kuwanyang'anya nyumba zao, kupitia makaratasi yao ukurasa kwa ukurasa.

Kazi hiyo ndiyo ilikufikisha bungeni. Juni 2020, katikati ya korona, ukasimama kwenye kura za maoni za chama cha Democratic dhidi ya mama Aravella Simotas, aliyekishika kiti hicho kwa karibu miaka kumi. Zikasubiriwa kura za posta mpaka Julai, ukapita kwa tofauti ya kura zisizofika 500. Miaka ya 2022 na 2024 hukuwa hata na mpinzani. Ndiyo siasa za huku zilivyo, na kwetu pia tunazijua: ukishapita kwenye chama, uchaguzi mkuu ni kwenda kusaini tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Oktoba 2021 nilikuwa nimebeba abiria wa kwenda Brooklyn, nikapita barabara ya Broadway mbele ya City Hall, jengo la ofisi ya meya. Madereva wa teksi za njano walikuwa wamepiga kambi pale kando ya barabara, usiku na mchana, na magari yao yamepangwa na mabango juu ya boneti. Wengi walikuwa wazee kunishinda. Nilipiga honi kama kila dereva alivyokuwa anapiga, nikaendelea na safari. Nilijua wanachodai, maana kwenye kijiwe chetu hatukuwa na mazungumzo mengine.

Wasiojua wajue hivi. Teksi ya njano haiendeshwi bila medalioni, kile kibati kinachopigiliwa kwenye boneti. Viko kama 13,500 tu, jiji ndilo linalovitoa. Kwa miaka mingi jiji lenyewe lilikuwa linavinadi na kuingiza mamilioni, na wageni kutoka Bangladesh, Pakistan, Haiti na Afrika wakaambiwa hiki ndicho kitega uchumi, ni kama kununua nyumba. Kufika 2014 kimoja kilipita dola milioni moja. Mtu hana fedha hiyo, anakopeshwa, anaweka saini kwenye mkataba asioweza kuusoma vizuri. Kisha zikaja kampuni za programu za simu, yaani sisi, niseme ukweli, bei ikaporomoka, deni likabaki palepale. Mwaka 2018 madereva kadhaa wa jiji hili walijiua. Mmoja alikutwa mtoni. Kaka yake, dereva vilevile, alikuwa pale Broadway miaka mitatu baadaye, naye amegoma kula.

Na wewe uligoma naye. Siku 15. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba katika wale waliokaa bila chakula mmoja alikuwa mbunge. Nilishangaa, kwa sababu mheshimiwa akija kwenye mgomo huja na mpiga picha, akashika kipaza sauti, akawalaani waliotukosea, akaondoka kabla jua halijampata. Wewe ulikuwa mbunge wa mwaka mmoja, huna kamati unayoiongoza, huna fedha ya jiji mkononi, na suala lenyewe halikuwa la Albany kabisa, lilikuwa la meya wa wakati huo na wenye mikopo. Cha kuwapa wale wazee hukuwa nacho, isipokuwa kukaa nao na kuwapigia simu wakubwa uliowafikia kwa sababu ya cheo chako, seneta Chuck Schumer akiwemo.

Novemba 3 mapatano yakapatikana. Jiji awali lilikuwa linatoa ruzuku ya dola 20,000 kwa medalioni, chama cha madereva kikazikataa. Sasa jiji likakubali kudhamini mikopo yenyewe. Kampuni ya Marblegate, iliyokuwa inashika mikopo mingi kuliko wengine, ikakubali kupunguza deni la kila mmoja libaki dola 170,000, na malipo ya mwezi yasizidi dola 1,122. Kulikuwa na watu wenye deni la nusu milioni na zaidi. Video za siku ile bado ziko kwenye simu za madereva, wazee wanacheza ngoma barabarani na ndevu zao nyeupe.

Hapo ndipo nilipokuamini. Na hapo ndipo nina mashaka yangu, nitayasema.

Ukiangalia kitabu cha sheria, Mheshimiwa, miaka yako mitano haikuacha mengi. Miswada yako uliyoisimamia mwenyewe hadi ikawa sheria inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wapinzani wako walilisema hilo kampeni nzima, na walihesabu pia kura ulizokosa bungeni ukiwa unazunguka kutafuta umeya. Walikuwa na haki ya kuhesabu. Aliyelipwa na umma aulizwe. Ila mimi naona ni kipimo kibovu kwa mbunge wa kawaida katika bunge la watu 150, ambapo spika na gavana wakishafunga mlango kujadili bajeti, wengine mnasubiri nje kama sisi. Yaliyotoka kwako yalitoka kwa kelele za nje. Kile kituo cha kufua umeme kwa gesi ambacho kampuni ya NRG ilitaka kukijenga upya Astoria, serikali ya jimbo ilikinyima kibali Oktoba 2021 baada ya wakazi kupiga kelele, na wewe mkiwa pamoja. Kwa Gaza ulifunga tena, mara hii mbele ya White House, Novemba 2023. Kuna abiria wangu Wayahudi ambao jambo hilo halikuwapendeza hata kidogo, na wapo wengine Wayahudi vilevile waliokupigia kura kwa ajili ya hilo. Sitaingia humo, kwenye gari nimejifunza kunyamaza.

Niingie kwenye mabasi. Wewe na seneta wa jimbo Michael Gianaris mlipigania hadi jimbo likakubali jaribio la basi la bure, njia moja kila wilaya ya jiji, kuanzia Septemba 2023 kwa karibu mwaka mmoja. Queens tukapata Q4, Bronx wakapata Bx18. Abiria waliongezeka, asilimia 30 siku za kazi na zaidi kidogo wikiendi. Mashambulizi dhidi ya madereva wa mabasi yakapungua, na hilo halinishangazi: ugomvi mwingi wa dereva na abiria duniani kote unaanzia kwenye nauli, muulize konda yeyote wa daladala. Lakini walioongezeka wengi ni walewale, wakisafiri mara nyingi zaidi, na mwendo wa mabasi haukuongezeka. Bajeti ya 2024 ikapita, jaribio halikuongezewa muda, likafa.

Wewe ukaja na kauli ya mabasi ya kasi na ya bure kwa jiji zima. Naitaka. Mke wangu anapanda basi kila siku kwenda kazini na kurudi, na nauli imefika dola 3. Lakini unajua vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho kwamba mabasi si yako. MTA, linaloendesha mabasi na treni za jiji, ni shirika la jimbo. Mwenyekiti wake anateuliwa na gavana, fedha zake zinapangwa Albany. Ulikuwa huko. Uliona jaribio la njia tano linavyokufa kimyakimya ndani ya bajeti. Ninachokuomba ni uwaambie watu hivyo, kwa lugha nyepesi na mapema: nani ameshika fedha, nani amekataa, kwa sababu gani. Wanasiasa wetu wana tabia ya kuahidi lami kwenye barabara ambayo si ya halmashauri yao, kisha wanamlaumu mkandarasi. Wewe ulikuwa mtu wa kuleta makaratasi mezani na kuyasoma na mwenye nyumba. Tusomee na sisi.

Kuna jambo jingine ambalo Mmarekani hawezi kukuuliza, mimi naweza. Unajiita mjamaa. Mimi nimekulia kwenye ujamaa. Nilisoma bure, dawa nilipewa bure, na sitakaa nimsikilize mtu anayebeza hayo. Lakini nilikuwa mtoto pia baada ya Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili yawe ya ushirika. Duka lilikuwepo, lina kaunta safi na mizani, na nyuma ya kaunta hakuna kitu. Mama alikuwa ananituma alfajiri kwenda kuweka jiwe kwenye foleni, jiwe linasimama badala ya mtu, na wote tulijua jiwe la nani ni lipi. Sukari ikifika inaanza kwa mwenye ndugu ndani ya duka. Sasa wewe umeahidi maduka ya vyakula ya jiji, moja kila wilaya kwa kuanzia, ili bei ishuke. Sikukatazi. Matano kwa jiji la watu zaidi ya milioni nane si kitu cha kuogopesha mtu, na mfanyabiashara binafsi hajafungiwa duka lake, hiyo ni tofauti kubwa. Ila swali langu ni la kaunta: nani atakuwa analeta mzigo, na usipofika Jumanne, nani anaulizwa? Kwetu hakuna aliyeulizwa. Kama hunielewi, muulize Profesa, baba yako. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini, alikuwepo 1976, bila shaka na yeye alitafuta sabuni.

Na habari ya baba yako inanikumbusha jingine. Amin alimfukuza mwaka 1972 pamoja na Waasia wa Uganda, siku 90 za kufungasha. Akarudi baada ya Amin kuanguka, akaipenda nchi, akaisema serikali ya Obote, mwaka 1984 akanyang'anywa uraia akiwa safarini. Wewe uraia wa Marekani umeupata 2018, na 2025 akatokea mbunge wa taifa akitaka uchunguzwe na kunyang'anywa. Vizazi viwili, hoja ileile. Mimi cheti changu cha uraia nilikuwa nimekifungia kwenye sanduku na hati za kiwanja. Siku nilipoisikia habari hiyo nilikitoa nikapiga picha, nikamtumia binti yangu. Simu za namna hiyo zilikuwa nyingi kwenye kijiwe chetu wiki ile. Ukiwa mbunge ulikuwa unapokea watu wenye hofu hizo ofisini Astoria. Meya hana mlango wa namna ile, ana walinzi. Fanya mpango mlango upatikane.

Nirudi barabarani nimalize, kwa sababu muda wa kupumzika unaisha.

Mwaka 2021 madereva wa njano ndio waliokuwa wanazama, na sisi wa simu tulikuwa tunapita tukipiga honi. Leo zamu ni yetu. Mtu anaamka asubuhi, anakuta programu imemfungia kwa sababu abiria mmoja amelalamika, na hakuna ofisi ya kwenda, hakuna mtu wa kumweleza. Unaandika ujumbe, unajibiwa na mashine. Gari bado lina mkopo. Bima ya gari la abiria hapa inakaribia kodi ya chumba. Mwaka 2024 walikuwa wanatufungia hata bila kosa, saa ambazo abiria ni wachache, ili wasitulipe kiwango kilichowekwa na jiji. Unakaa pembeni ya barabara na injini imezimwa, unangoja kufunguliwa kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa. Na haja ikikubana, Mheshimiwa, hakuna pa kwenda. Ukisimama dakika tano mbele ya mgahawa unarudi kukuta tiketi ya faini kwenye kioo. Ndiyo maana chini ya siti ya madereva wengi wa jiji hili kuna chupa ya plastiki. Wanawake wanaofanya kazi hii hawana hata hiyo.

Haya si ya Albany. Tume ya teksi na limousine iko chini yako. Sheria ya kumtaka mwenye programu amweleze dereva kosa lake na kumpa mtu wa kumsikiliza kabla ya kumfungia ni jambo la jiji, la baraza la madiwani na wewe, na usimamizi wake ni wako moja kwa moja. Maegesho ya dakika chache kwa ajili ya choo ni rangi ya barabarani na kibao cha bati; hakuna gavana wa kuombwa hapo.

Ulipokaa Broadway hukuwa na mamlaka yoyote, na ukakaa. Sasa mamlaka unayo, na mimi sikuombi ufunge tena kula. Afya yako tunaitaka. Naomba siku moja, bila kamera, uje kwenye uwanja wa kusubiria wa JFK usiku, tunapopanga foleni ya ndege za usiku wa manane. Utatukuta tumefungua milango, tunakunywa chai ya tangawizi kwenye chupa za moto, Mbengali na Msenegali na Mmisri na sisi wachache wa Kiswahili. Njoo na kamishna wa tume hiyo na kalamu. Shikamoo utaitoa hapohapo.

Wako,
Dereva, Queens
mzaliwa wa Tanga